Ankara ya saa moja na nusu: shajara ya kutafuta programu ya ratiba, saa na malipo

Siku ya 1

Mradi huu umezaliwa na namba moja: 1:30.

Mwezi uliopita nilikuwa naandaa ankara ya mteja wetu mkubwa. Mshauri aliyefanya kazi ile aliniachia lahajedwali (spreadsheet) yenye mistari mitatu, 9:30, 8:45 na 7:15, na chini yake jumla ikisomeka 1:30. Ilikuwa jioni, nimeshachoka, nikaandika nilichokiona. Ankara ikaenda na saa moja na nusu. Mteja akalipa kesho yake asubuhi, upesi kuliko alivyowahi kulipa tangu tumjue, na upesi huo ndio ulionitia shaka.

Jumla halisi ni saa 25 na nusu. Lahajedwali hutunza muda kama kipande cha siku, kwa hiyo jumla ikivuka saa 24, seli iliyopangwa kwa mtindo wa h:mm, yaani saa na dakika, huonyesha mabaki tu, kama saa ya ukutani inavyoanza upya usiku wa manane. Ukiandika [h]:mm, ile h ikiwa ndani ya mabano ya mraba, unapata 25:30. Nimelijua hilo leo, baada ya miaka sita ya kazi hii.

Nimetuma ankara ya nyongeza pamoja na barua ya kuomba radhi. Mteja kaelewa. Mhasibu wetu ndiye hajaelewa.

"Kaka, hii si mara ya kwanza," kasema. "Ni mara ya kwanza tumeiona."

Sikuwa na la kujibu.

Kwa kumbukumbu, hali yetu ndiyo hii. Tuko sita: washauri wanne, mhasibu, na mimi ninayesimamia shughuli za kila siku. Miadi iko kwenye kalenda za simu. Saa ziko kwenye lahajedwali nne ambazo hazifanani hata vichwa vya safu. Ankara tunaziandika kwenye Word, kwa kufungua ya mwezi uliopita na kubadilisha jina, tarehe na kiasi. Mtu anayefanya hivyo siku moja atahifadhi ankara mpya juu ya ya zamani na kuipoteza. Ndivyo ilivyompata Mike McDerment kule Kanada mwaka 2003, na hasira hiyo ndiyo iliyomfanya aanzishe FreshBooks. Sisi hatuna haja ya kuanzisha kampuni. Tunataka kulipwa saa tulizofanya, basi.

Siku ya 3

Kabla ya kutazama programu yoyote nimefuata saa moja tu, kama mtu anayefuata mfereji kutafuta panapovuja. Nimechagua kikao kimoja cha mwezi uliopita, kuanzia barua pepe ya mteja ya kukiomba hadi pesa zake kuingia benki.

Kikao kilianzia kwenye barua pepe, kikaandikwa kwenye kalenda. Baada ya kikao mshauri aliandika muda kwenye daftari lake la karatasi. Ijumaa alihamisha daftari kwenye lahajedwali. Mwisho wa mwezi mimi nikahamisha lahajedwali yake kwenye yangu, kisha yangu kwenye ankara ya Word. Mhasibu akachukua ankara, akaiandika upya kwenye vitabu vyake. Saa ileile moja imeandikwa kwa mkono mara sita, na watu watatu tofauti.

Nikiwa humo nimekuta jingine. Mshauri mmoja huandika saa moja na nusu kama 1.30. Kwake ile nukta ni kitenganishi cha saa na dakika. Kwa lahajedwali ni desimali, na saa moja na nusu kwa desimali ni 1.5. Kila anapoandika hivyo tunapoteza dakika 12. Akiandika 2.45 akimaanisha saa mbili na dakika arobaini na tano, tunapoteza 18. Nimehesabu miezi mitatu tu nyuma, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu nilikuwa naanza kukasirika.

Siku ya 4

Mfano mwingine wa ugonjwa huohuo. Mshauri wetu mdogo alikubaliana na mteja kwa simu, "saa nane mchana." Akaingiza kwenye kalenda 8:00. Kalenda haijui Kiswahili. Mwaliko ukafika kwa mteja ukisema saa mbili asubuhi, naye, mtu muungwana, akaamka mapema akawasha kamera, akakaa peke yake. Hakuna programu itakayotuponya hapa. Nimebandika karatasi ukutani: kwenye mashine tunaandika 14:00, mdomoni semeni mnavyopenda.

Siku ya 6

Kikao cha watu wote. Nilidhani tutajadili programu. Tumetumia saa mbili na robo kujadili saa ni nini.

Ubishi ulianzia kwenye kukadiria. Mshauri mkongwe kuliko wote, ambaye sote tunamwita Mzee, amezoea kupandisha kila kitu hadi robo saa. Mhasibu akachukua kalamu akaenda ubaoni. Tuseme mteja amekupigia simu sita kwa siku, kila moja dakika tano. Umefanya kazi dakika 30. Ukipandisha kila simu hadi robo saa, unamtoza dakika 90. Ukitumia vipande vya dakika 6, kama wanavyofanya wanasheria wengi kwa sababu dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, unamtoza 36. Ukijumlisha kwanza simu zote za siku ndipo ukadirie, unamtoza 30.

"Sasa Mzee, mteja akiona hizo 90 akazilinganisha na kumbukumbu ya simu yake, tumwambie nini?"

Mzee akacheka, akasema angemwambia kwamba kila simu humkatisha mtu kazi nyingine, na kurudi ulipokuwa kunachukua muda. Na kweli, hoja yake si ya kipuuzi. Lakini kama tunataka kutoza gharama ya kukatishwa kazi, tuiandike kwenye mkataba, tusiifiche kwenye kukadiria.

Tumekubaliana: tunajumlisha kwa siku, kwa kila kazi, kisha tunapandisha hadi sehemu ya kumi ya saa. Muda wa safari tunatoza nusu. Kuandaa pendekezo la kupata kazi hatutozi, ila tunaandika, maana tunataka kujua linatugharimu kiasi gani. Kusahihisha kosa letu wenyewe hatutozi, nalo tunaandika. Hili la mwisho lilileta ukimya kidogo mezani.

Halafu likaja suala la picha za skrini. Programu kadhaa za kupima muda zina uwezo wa kupiga picha skrini ya mfanyakazi kila baada ya dakika chache na kuhesabu mibofyo. Mshauri mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama tunafikiria kitu cha namna hiyo. Nimejibu hapana, na nimeandika hapana hiyo kwenye kumbukumbu za kikao. Mshauri akikaa dakika arobaini anatazama dirishani akifikiria tatizo la mteja, hiyo ndiyo kazi yenyewe, na hakuna mbofyo hata mmoja.

Siku ya 9

Nimezunguka sokoni. Zipo nyingi mno, lakini ukizitazama kwa muda unagundua kila moja ina kabila lake.

Kuna zilizozaliwa saa, zikajifunza kuandika ankara baadaye: Toggl Track, Clockify, Harvest. Kuna zilizozaliwa ankara, zikaongezewa kipima muda: FreshBooks, Zoho Invoice, Invoice Ninja. Kuna zilizozaliwa kalenda, kazi yake kumpa mteja kiungo achague mwenyewe nafasi iliyo wazi: Calendly, iliyoanzishwa na Tope Awotona mwaka 2013, na Cal.com, iliyoanza ikiwa na msimbo ulio wazi kwa yeyote kuusoma. Kuna pia zile unazoweza kuweka kwenye seva yako mwenyewe, yaani kompyuta unayoisimamia wewe, kama Kimai kwa upande wa saa na Invoice Ninja kwa upande wa ankara.

Siri ambayo kurasa za matangazo hazikuambii ni kwamba programu huwa na nguvu pale ilipozaliwa. Zote zina alama ya tiki kwenye "ratiba", "saa" na "ankara". Lakini kwenye ile iliyozaliwa saa, ankara mara nyingi ni ukurasa mmoja wenye nembo na jumla. Kwenye iliyozaliwa ankara, kipima muda ni kitufe kimoja kilichojificha ndani ya menyu ya tatu. Jedwali la kulinganisha sifa sitalitengeneza. Nilianza, nikafika mstari wa 40, nikaona kila programu ina tiki 37. Nimelifuta.

Siku ya 12

Badala ya jedwali nimeandika mitihani minne. Programu inayotaka kazi hii itaifanya yote, kwa data yetu, si kwa data ya mfano.

Wa kwanza ni wiki chafu. Nimechukua wiki moja halisi yenye maingizo 41, majina ya wateja nimeyabadilisha. Humo kuna simu fupi, kipima muda kilichosahauliwa usiku kucha, kikao kilichoahirishwa dakika ya mwisho, na kazi moja iliyoanza saa tano usiku ikaisha saa saba usiku, yaani imevuka tarehe.

Wa pili ni kikao cha Machi. Tuna mteja mwenye ofisi New York na London, na kila Alhamisi tunakutana saa 10:00 asubuhi kwa saa za New York. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, nchi nyingi za Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Kati ya hapo kuna wiki mbili au tatu ambazo New York na London wanapishana saa 4 badala ya 5. Saa zetu hazisogei kabisa. Programu nzuri hutunza jina la eneo, America/New_York, na kulihesabu upya kila tarehe. Programu mbaya hutunza tofauti ya saa ya siku ulipoandika, ikaganda nayo.

Wa tatu ni ankara ngumu: viwango viwili vya malipo, gharama za safari, malipo ya awali ya kukatwa, kodi, halafu marekebisho baada ya kutumwa.

Wa nne ni mlango wa kutokea. Niingize kila kitu, kisha nitoe kila kitu kwa faili la CSV, maandishi matupu ambayo lahajedwali yoyote huyasoma, nione kama kilichotoka ni kilekile kilichoingia.

Siku ya 13

Nimechuja hadi tatu. Ili tusianze kubishana kwa majina ya kampuni, nimezipa majina ya utani: Sungura, Tausi na Kobe. Sungura na Tausi ziko kwenye wingu, yaani tunazifungua kwa intaneti kutoka kwa wenyewe. Kobe tunaiweka kwenye seva yetu.

Siku ya 20

Wiki ya kwanza ya majaribio imeisha.

Sungura inastahili jina lake. Dakika kumi baada ya kujiandikisha washauri wote walikuwa ndani. Uungwana wake mkubwa ni huu: ukiacha kompyuta na kipima muda kinakimbia, ukirudi inakuuliza kama muda ule ulikuwa kazini au la, nawe unaufuta kwa mbofyo mmoja. Ile kazi ya usiku imeigawa sawasawa kwenye tarehe mbili.

Lakini Sungura ina ujanja mmoja ambao mwanzoni niliupenda, nikaja kuuogopa. Inasoma kalenda na kugeuza kila miadi kuwa saa zilizofanyika. Washauri walishangilia: hakuna kuandika tena! Jana nikapitia. Kikao kilichoahirishwa kwa simu, ambacho hakuna aliyekumbuka kukifuta kwenye kalenda, kimekuwa saa moja ya kutozwa. Kikao kilichopangwa saa moja kikaisha kwa dakika 35 kimebaki saa moja. Kile kilichovuta hadi saa mbili nacho saa moja. Kalenda inasema tulichokusudia, na mteja halipi makusudio.

Tausi ni nzuri kuitazama. Ankara zake zina sura ambayo ningejivunia kuituma kwa yeyote. Kwenye mtihani wa Machi imeanguka vibaya: nimeweka kikao kinachojirudia, nikasogea hadi wiki ya tatu ya Machi, nikakuta mteja wa New York amepangiwa saa 11:00 badala ya 10:00. Nimewaandikia. Wamejibu kwa adabu sana kwamba nirekebishe kwa mkono kila mwaka.

Kobe nilitumia siku mbili kuisimika, na siku ya pili nusu yake ilipotea kwa sababu ya nenosiri la hifadhidata nililolinakili pamoja na nafasi tupu mwishoni. Sura yake ni ya fomu za ofisi ya posta. Ina kitu ambacho nyingine hazina, nitakieleza baada ya mhasibu kuipitia.

Siku ya 24

Mtihani wa ankara. Huu nilimwachia mhasibu, nikakaa pembeni kama mwanafunzi.

Alianza na jambo ambalo nisingelifikiria: mistari mitatu, kila mmoja 10.15, kodi asilimia 10. Kodi ya kila mstari ni 1.015, ukikadiria ni 1.02, mara tatu ni 3.06. Ukikokotoa kodi juu ya jumla, 30.45, unapata 3.045, ukikadiria ni 3.05. Tofauti ni senti moja.

"Senti moja tu, dada," nikasema.

"Senti moja kwenye kila ankara, kaka, na vitabu havifungi. Mwisho wa mwaka utakuja wewe kuitafuta?"

Njia zote mbili hutumika. Tatizo ni kuchanganya, ankara ikihesabu hivi na vitabu vikihesabu vile. Sungura inahesabu kwa mstari na haikuulizi. Tausi inahesabu kwa jumla na haikuulizi. Kobe inakuuliza. Hicho ndicho kile kitu: Kobe inauliza karibu kila kitu. Unakadiria kwa ingizo au kwa siku? Kwa dakika ngapi? Namba ya ankara ianzie wapi, na iwe na mwaka ndani yake au la? Mwanzoni maswali yale yaliniudhi. Baada ya kikao cha siku ya 6, nimekuta karibu yote tayari tuna majibu yake. Bila kikao kile ningebofya "endelea, endelea, endelea" kama watu wote.

Marekebisho baada ya kutuma ndiyo yaliyoitoa Tausi mashindanoni moja kwa moja. Inakuruhusu kufungua ankara iliyokwisha kutumwa, kubadilisha kiasi, na kuhifadhi chini ya namba ileile, kimyakimya. Mhasibu aliweka kalamu chini. Ankara iliyotoka haibadilishwi. Inatolewa krediti noti, hati ya kutengua kiasi cha ankara ile, kisha ankara mpya yenye namba yake. La sivyo mteja ana karatasi moja na wewe una nyingine, zote zina namba moja, na mkaguzi wa kodi hatauliza ipi ni nzuri zaidi.

Siku ya 27

Mlango wa kutokea. Tausi ilishatoka, lakini niliijaribu kwa udadisi: inatoa ankara kwa PDF tu. Sungura inatoa CSV, ila muda unatoka kama maandishi, "1h 30m", ambayo lahajedwali haiwezi kujumlisha bila kufanyiwa kazi. Kobe inatoa desimali, 1.5, pamoja na muda wa kuanza na kumaliza na jina la eneo la saa. Imerudisha maingizo 41 kati ya 41.

Siku ya 30

Nimekaa na mchoro wa siku ya 3, ule wa saa moja kuandikwa mara sita, nikajiuliza ni viungo vipi hasa vinahitaji mashine.

Tulianza mradi tukitaka programu moja ya kila kitu. Sasa naona tulikuwa tunauliza vibaya. Safari ya saa ina viungo viwili vikubwa: kutoka ratiba kwenda saa zilizofanyika, na kutoka saa zilizofanyika kwenda ankara. Tulivitaka vyote viwe vya moja kwa moja. Lakini kiungo cha kwanza kinahitaji mtu. Ni lazima mtu aseme ndiyo, kikao kilifanyika, na kilichukua muda huu, si ule uliopangwa. Ukimwondoa mtu hapo unapata ile saa moja ya Sungura kwa kikao ambacho hakikuwepo. Kiungo cha pili hakihitaji mtu hata kidogo. Saa ikishathibitishwa, kila mkono unaoiandika tena unaongeza kosa tu. Yangu ya 1:30 ilitokea hapohapo.

Kwa hiyo ratiba inaweza kukaa nyumba yake. Saa na ankara lazima zilale nyumba moja.

Nimewaandikia wenzangu pendekezo: Kobe kwa saa na ankara. Kalenda zetu zibaki zilivyo, na kila mshauri azione ndani ya Kobe kupitia kiungo cha iCalendar, muundo wa faili za kalenda uliopo tangu 1998 na unaosomwa na karibu kila kalenda duniani. Zionekane kama rasimu ya rangi ya kijivu pembeni. Mshauri anaibofya, anarekebisha muda, anathibitisha. Asipobofya, haipo.

Siku ya 33

Wamekubali, isipokuwa Mzee, ambaye hakukataa.

"Kijana, nimefanya kazi hii miaka thelathini bila kipima muda."

"Ndiyo Mzee. Na saa zako za Jumatatu huwa unaziandika lini?"

"Ijumaa."

"Na Jumatatu iliyopita uliongea na nani mchana?"

Akafikiria. Akafikiria tena. Akasema tuendelee na kikao.

Siku ya 36 hadi 41

Kuhamia. Wateja, miradi na viwango vimeingia. Ankara za zamani sijazihamisha. Zinabaki PDF kwenye folda moja, na Kobe inaendelea na namba inayofuata ili mfululizo usikatike. Nakala rudufu inatoka kila usiku kwenda kwenye mashine nyingine. Alhamisi nilifuta kwa makusudi mradi mmoja wa majaribio na kuurudisha kutoka kwenye nakala. Ilichukua dakika 50 na jasho jingi. Bora jasho la makusudi.

Siku ya 44

Tunaanza mwezi mmoja wa kwenda sambamba: njia ya zamani na mpya kwa pamoja. Kila mtu amelalamika, kwa haki kabisa. Ni kazi mara mbili.

Siku ya 58

Katikati ya mwezi. Mshauri wetu mdogo amekuwa hodari, anathibitisha saa zake kila jioni kabla ya kuzima kompyuta. Wawili wengine hukumbuka kesho yake. Mzee bado Ijumaa, ila sasa anafungua ile rasimu ya kijivu na kusema, "Kumbe Jumatatu nilikuwa na hawa."

Siku ya 75

Mwezi umekwisha, tumelinganisha. Njia ya zamani: saa 311.2 za kutoza. Njia mpya: 329.6. Nilitaka kusherehekea, mhasibu akanikalisha chini tupitie tofauti mstari kwa mstari.

Kati ya saa 18.4, tumekuta saa 3.5 ambazo si zetu: vikao viwili ambavyo washauri wawili walihudhuria pamoja, na kila mmoja akaandika hata sehemu ya mwenzake. Hilo ni kosa letu, Kobe haikuhusika. Zilizobaki, 14.9, ni kweli. Sehemu kubwa ni simu fupi na barua pepe ndefu za jioni, vitu ambavyo daftari la Ijumaa halikumbuki kamwe. Na saa 2 na dakika chache ni za yule wa 1.30.

Tumekuta pia jambo lisilofurahisha. Mapendekezo ya kutafuta kazi yametula saa 46 kwa mwezi mmoja. Hatukuwahi kulijua kwa sababu hatukuwahi kuliandika. Mzee ameomba hiyo karatasi akaisome nyumbani.

Siku ya 76

Lahajedwali nne zimefungwa, zimewekwa kwa kusoma tu.

Siku ya 83

Ankara ya kwanza ya Kobe pekee imekwenda kwa yuleyule mteja wa 1:30. Nimeikagua mara tatu kabla ya kutuma, ingawa maana yote ya mradi ilikuwa nisilazimike kukagua mara tatu.

Siku ya 85

Mteja amepiga simu. Hana ugomvi na jumla. Anauliza mstari mmoja: tarehe 6, saa 0.3, maelezo yake "simu". Simu ya nini?

Sikujua. Mzee ndiye aliyeandika. Alikumbuka, kwa bahati, na mteja akaridhika. Nimewasha mpangilio unaokataa ingizo lisilo na maelezo, na tumekubaliana sote kwamba maelezo yasipungue maneno matatu.

Siku ya 86

Ingizo la Mzee la leo, saa 0.2: "simu simu simu".